Uzi Uliokaa Juani

Mjukuu wangu Riziki,

Marahaba, mwanangu, na salamu zako zimenifikia. Babu yako kifua bado kinamsumbua, na hapa Msambweni mvua imetukataa. Tupo tu, alhamdulillahi.

Umeniuliza vipi utapunguza gharama ya mikoba unayoshona. Waombe mafundi wa nguo vipande vya vitambaa vinavyobaki, bitana ufanye kwa magunia ya unga yaliyofuliwa, na zipu uzifumue kwenye suruali kuukuu. Ndivyo tulivyofanya mimi na rafiki yangu Mejumaa, tukipeleka mikoba yetu duka moja la Diani.

Lakini uzi usiufanyie ubahili. Mimi nilinunua wa rahisi, uliokaa juani dukani, wala sikumwambia Mejumaa. Mikoba yangu ikafumuka mikononi mwa wageni. Mwenye duka akaturudishia yote, yangu na yake, akasema hataki kutuona tena. Nilipaswa kumwambia kuwa ya mwenzangu haina kosa. Nikanyamaza.

Tulipofika nyumbani Mejumaa aliuvuta mshono wangu mmoja, ukakatika.

"Ungeniambia," akasema, "ningekugawia uzi wangu."

Hakunigombeza. Aliuza cherehani yake, akarudi kwao Lunga Lunga kulima. Kila Idi nilimpelekea halua, tukaulizana hali za watoto, na habari ya uzi sikuthubutu kuigusa.

Alhamisi tumemzika. Binti yake alinishika mkono, akaniambia mama yake alikuwa akinisifu kwa kila mtu, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kushona.

Kumbe habari ya uzi hakumwambia hata mwanawe.

Bibi yako,
Mwanakombo