Uje Nyumbani au Uzalie Huko

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Pokea salamu kutoka Mishomoroni. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila magoti yangu yamechoka kuliko mimi. Mama yako keshafua mashuka ya chumba chako, maana kwetu mwanamke mwenye mimba ya kwanza huja kujifungulia kwao. Nawe waniuliza: uje, au uzalie huko Nakuru kwa mumeo?

Nilipoingia uchungu wa kumzaa mama yako, mamangu alinipeleka hospitali. Kila nililoulizwa, yeye ndiye aliyejibu. Mengine ya siku ile nayaacha. Mwishowe mkunga akamwomba atoke nje kidogo, akaniinamia.

"Wataka kulala, au kupiga magoti?"

"Muulize mama," nikasema.

"Kwani yeye ndiye azaaye?"

Nilicheka katikati ya uchungu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuulizwa nitakalo. Hata mume nilichaguliwa. Nikafikiri kwanza, kisha nikasema, "Magoti." Akanitandikia leso sakafuni, basi. Uchungu haukupungua hata kidogo, lakini sasa ulikuwa wangu.

Kwa hivyo swali lako sitalijibu, mwanangu, ingawa nakutamani hapa kila siku. Zungumza na mumeo na wakunga wa huko, ufikiri, kisha nambie. Ukiamua kubaki, mama yako nitamwambia mimi. Akinuna, aninunie mimi, nimeshamzoea.

Ni mimi bibi yako, nikuombeaye salama.