Mzabibu wa Baba Msimu Huu

Baba mpendwa,

Tangu tukuzike, mvua haijakoma hapa Kosele, na mzabibu wako umekuwa kichaka.

Unakumbuka uliporudi kutoka bustani ya misheni kule Kendu Bay, umebeba kijiti kimoja cha mzabibu ndani ya gunia lililolowa maji? Mama alicheka, "Umetembea siku nzima na ukuni mmoja?" Mwaka wa Uhuru alionja zabibu zake za kwanza, akaomba kichala kingine.

Kila msimu ulinisimamisha chini ya uchanja wa miti uliobeba matawi yake. Machipukizi mawili yakitoka mahali pamoja, ulivunja moja kwa kidole gumba. Majani yaliyofunika vichala uliyapunguza upande wa jua la asubuhi tu. Mwaka nilioyafyeka pande zote, jua la alasiri likachoma zabibu, hukunipiga. Ulisema, "Mama, majani ndiyo nguo yake. Usimvue yote." Uliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako.

Msimu huu sikugusa kitu. Kila tawi lilishikwa na kamba uliyoifunga wewe; niliona kulikata ni kukukata wewe. Sasa ukungu mweupe kama unga umepanda hadi kwenye vichala. Jana asubuhi kaka yangu Ochieng' alikuja na jembe. Anataka kupanda pamba hapo.

"Adhiambo, hii kitu imekufa. Toka."

"Haijakufa. Ni mimi sikuitunza."

"Basi kata leo. La sivyo, kesho nang'oa."

Nilikata mpaka jioni, Baba, mvua ikinipiga, nikilia kama siku ya matanga. Nilitoa machipukizi, nikatoa majani, nikatupa vichala vyote isipokuwa vitatu. Nilipofika karibu na shina, nilikuta matawi mawili machanga, yote yana nguvu. Moja lilipaswa kubaki, libebe matunda ya mwaka ujao. Hukuwahi kuniambia lipi. Hilo ulilifanya mwenyewe kila mara, umenipa mgongo.

Nilikuita. Nilikuita kwa sauti pale uani hadi Ochieng' akatoka nyumbani kwake, akasimama kwenye mvua akinitazama.

Nikakata la kushoto.

Leo hajang'oa. Kama nimekosea, Baba, nitajua mwaka ujao, na hakuna wa kunisahihisha.

Pumzika. Mimi siwezi bado.

Binti yako,
Adhiambo