Kakao ya Mama Masika haikuwa na mawe

Butembo, siku ya tano, jioni. Mvua imenyesha mpaka barabara imekuwa matope, courant ya umeme hakuna, na mimi niko na kasirani mpaka chai inanishinda.

Leo ku Beni, bameniambia ku simu, ku dépôt yenye inanunua kakao, bamemwaga gunia ya Mama Masika chini, mbele ya batu yote. Mama alitoka nayo Mangina. Mizani iliandika uzito kupita ile gunia, donc gérant, mukubwa wa dépôt, akasema mama ametia mawe. Bakatafuta. Habakuona hata jiwe moja. Gérant akasema basi mama ameshayatoa.

Mwenye kosa ni pilote yetu.

Pilote ni programme yenye tuliandika hapa Butembo, ku bureau yetu; inabeba uzito kutoka ku mizani mpaka ku ordinateur, kompyuta ya dépôt. Uzito unakuja kwa vipande mbili. Babebaji ba Beni habangojake: gunia moja inashuka, ingine imeshapanda. Pilote inashika kipande ya kwanza ya gunia kubwa, na kabla ya kushika ya pili, gunia ndogo imeshaandika yake pale pale. Inabiunganisha. Inatoka uzito ya gunia yenye haiko ku dunia.

Nilimwambia Kambale, chef wangu: tutie kufuli. Pilote ikiwa inasoma, uzito mupya ungoje mu mulango. Akanicheka. Akatia pause ndogo, ati itatosha, kisha akapima hapa bureau na gunia moja ya muchanga, polepole, kahawa mu mukono.

Nani anapima kakao vile ku Beni?

Pause haizuie kitu. Inaficha tu kosa mpaka siku yenye itaangukia mutu mwingine.

Nimemupigia Kambale simu. Anasema babebaji bafundishwe kungoja. Miaka yote ya masomo, juu ya kulaumu mutu mwenye kubeba gunia ku mugongo. Nimemukatia simu, na sijute.

Kufuli nimeshaiandika, batterie ya ordinateur ikiwa inakufa. Kesho nachukua moto, pikipiki, niende Beni kuitia, Kambale apende asipende.

Mais kufuli haitamurudishia mama heshima yake. Nani atamuomba pole mbele ya bale bale batu? Gérant, hapana. Kambale, hapana.

Basi nitasimama mimi, pale penye bamemwaga, niseme mama hakuiba, ni sisi. Na jina ya Kambale nitaitaja ya kwanza.