Nafasi ya Picha Kwenye Msalaba wa Baba Yako

Mwanangu mpendwa Sekela,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Natumaini unaamka salama na unakula. Sisi huku Isansa tupo. Bibi yako anakusalimu, miguu bado imevimba lakini anajikokota mwenyewe hadi kwenye jua. Kaka yako Yohana anakusalimu, amerudi Tunduma kupakua malori na anakuja Jumapili moja moja. Mdogo wako Lusia anakusalimu, sasa yeye ndiye anayekamua ng'ombe kabla ya kwenda shule. Jirani yetu Mama Zawadi anakusalimu, na kina mama wote wa kwaya kila wakiniona wanakuulizia. Shangazi yako Anyesi wa Ibaba sijui kama anakusalimu. Tangu msiba hajatia mguu hapa kwa kaka yake, na hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Utaona mwandiko unapanda na kushuka, unajua niliishia darasa la nne. Simu zangu hupokei, na hata ungepokea, jambo hili nisingeweza kulisema. Ningelia tu mpaka salio liishe. Barua nampa binti wa mchungaji, anarudi huko chuoni Jumatatu.

Unakumbuka siku uliyotuambia umechaguliwa? Baba yako alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Ukasema unakwenda kuchukua shahada ya uandishi wa habari kwa picha. Nikakuuliza, kupiga picha nako kunasomewa miaka yote hiyo? Mbona vijana wa pale stendi Tunduma wanapiga tu na hawakusoma? Ukacheka, ukasema, "Mama, wale wanakupiga unavyotaka uonekane. Mimi nakwenda kusoma kupiga kilichopo."

Baba yako akadakia, "Basi anza na mama yako alivyonuna." Ukanipiga kweli kwa simu yako, na nilikuwa nimenuna.

Kahawa ya msimu ule ndiyo ikawa kamera. Aliifuata mwenyewe Tunduma kwa Mzambia mmoja aliyekuwa anauza vitu vilivyotumika, akairudisha imeviringishwa kwenye sweta lake kama mtoto mchanga. Hakumruhusu mtu kuigusa mpaka ulipokuja likizo ya kwanza.

Halafu, ulipokaribia kumaliza masomo, akaanza kuumwa. Ulipokuja likizo ndefu ukamkuta kifua kimemshika, wa kuinuliwa na kulazwa. Mwalimu wenu alikuwa amewapa kazi ya mwisho ya kumalizia masomo, kila mmoja asimulie maisha ya watu kwa picha. Ulikuwa umepanga kwenda kuwapiga madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani. Ukasema, "Sitoki hapa. Nitampiga baba." Na kila ukiinua kamera ulimwuliza kwanza, "Baba, unaruhusu?" Naye anakujibu, "Piga. Mimi ndiye shamba lako la mazoezi." Sauti ilipokwisha akawa anainua kidole, nawe unapiga.

Lakini mimi moyo wangu ulikataa. Siku moja uliiacha kamera imewaka juu ya meza nikachungulia kile kioo chake. Nikajiona mimi nikimwogesha baba yako kwenye beseni. Mbavu zake zilihesabika kama fito za ukuta usiokandikwa, shingo imelegea mkononi mwangu. Sekela, huyo ndiye mwanaume aliyekuwa anabeba gunia la kahawa kichwani huku akipiga mluzi. Nikawaza watu wa huko chuoni, wasiomjua, watakavyomwangalia. Watasema huyu hakuwa na mke wa kumlisha. Nikawaza, hata kaburi halitamsitiri.

Sasa nakuambia. Asubuhi ya maziko ulipokwenda kuoga, nilifungua kamera. Nilikuwa nimekuona mara nyingi ukiitoa ile kadi ndogo na kuirudisha, kwa hiyo nilijua picha zinakaa humo. Nikaifunga kwenye leso. Kaburini mchungaji aliposema tutupe udongo, nikachota nikiwa nayo kiganjani, nikatupa vyote pamoja. Haikutoa hata sauti. Nikajiambia, nenda na aibu yako, baba Yohana, hakuna atakayekuona.

Siku ya tatu ukataka kamera, ukakuta haina kitu. Shangazi yako ndiye aliyekuwa amelala chumba kile. Ukamwambia mbele ya watu wa matanga, "Shangazi, toa kadi yangu. Hakuna mwingine aliyelala humu."

Akakuangalia kwanza. Akasema, "Nimekuja kumzika kaka yangu, sikuja kuiba vyuma vyako. Haya, nipekue." Akaifungua khanga ya juu akaikung'uta pale uani, akafungua na fundo la pembeni anamoweka vijisenti vyake, vikaanguka chini. Kuna mwanamke alicheka pembeni, wewe hukumsikia. Mimi nilikuwa nimeshika ungo wa mchele. Nikaendelea kupeta.

Ndivyo nilivyofanya. Ulipoondoka bila kuniaga vizuri nilijua nimestahili, ingawa wewe hukujua.

Yohana ameniambia kwamba huna kazi ya kumpa mwalimu, kwamba utarudia mwaka, na kwamba unasema afadhali uache. Mwanangu, usiache. Mwonyeshe mwalimu barua hii, mwambie mama yangu ndiye. Akitaka kunisikia kwa simu nitamwambia mwenyewe. Na Jumamosi, ukishaipata barua hii, nakwenda Ibaba. Nitamwambia shangazi yako mbele ya watu wa nyumbani kwake, kwa sababu aliaibishwa mbele ya watu. Akinifukuza nitakaa njiani mpaka anisikie. Lakini nimetaka wewe ujue kwanza.

Kuna jingine. Fundi ameshamaliza msalaba, na tumebaki na picha moja tu ya baba yako, ile ya kitambulisho, amekodoa macho kama anayegombezwa. Bibi yako kila siku ananiuliza, "Yule mtoto alimpiga mwanangu asubuhi na jioni. Picha ziko wapi?" Nasema ziko chuoni. Bibi anasema zina raha gani huko, zije.

Mimi nilifikiri nazika beseni na mbavu. Nilipomwuliza binti wa mchungaji, bila kumwambia kwa nini, akanieleza kwamba kadi moja inabeba picha zote tangu ya kwanza. Kumbe nimemzika na siku ile aliyovaa kofia ya shule ya Lusia akacheka mpaka akakohoa. Nimezika na mikono yake ikichambua kahawa uliyompelekea kitandani kwa sababu alilia kutaka kuishika. Hizo nilikuona ukizipiga. Sikuzikumbuka pale kaburini.

Huyo binti anasema mara nyingine mnazihamishia kwenye kompyuta. Ulihamisha hata moja? Kama ipo, ilete. Hata ile ya kwenye beseni, Sekela. Nitaipokea, na nitawaambia watu huyu ndiye mume wangu na mikono hii ni yangu.

Fundi aliacha nafasi katikati ya msalaba, ukubwa wa kiganja, akaiwekea kioo. Kila Jumapili baada ya ibada nakwenda kaburini kuufuta vumbi. Nikiinama, naiona sura yangu mwenyewe humo.

Nijibu upesi, mwanangu. Neno moja linatosha, hata likiwa baya. Binti wa mchungaji nimemwomba asiondoke mlangoni kwako mpaka umwambie kitu cha kunifikishia.

Ni mimi niliyekuzaa na kukukosea,

Mama yako.