Kaburi la Akina Cantius

Mogontiacum, 9 Aprili

Kwa Mama Tettia, mzazi wa Lucius Cantius,

Salamu nyingi. Ukiwa mzima nashukuru. Mimi mwili ni mzima, moyo sivyo. Hunijui, mama. Mimi ni Oclatia, niliyeishi na mwanao miaka mitano hapa nje ya kambi ya jeshi lake. Lucius amefariki. Homa ilimchukua kwa siku nne.

Baada ya mazishi nilijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tisa, siku ya kupewa jina, baba yangu ndiye aliyemwinua kutoka sakafuni kumkubali, kazi ambayo ingekuwa ya Lucius. Sheria haitambui mke wa askari, kwa hiyo mtoto amechukua ukoo wangu: Lucius Oclatius. Jina la tatu nimemwita Cantianus, ili ajulikane katoka kwa nani.

Lucius aliomba majivu yake yawekwe kwenye kaburi la baba yake, na mwanawe naye apewe nafasi humo siku yake ikifika. Naomba ruhusa yako.

Mkweo,
Oclatia

Ostia, 2 Juni

Oclatia,

Salamu. Uzima upo, wa kupumua tu. Nilizaa wana wawili. Mkubwa alizama bandarini, na sasa huyu.

Majivu yalete. Mtoto, hapana. Mume wangu alioka mikate miaka thelathini akanunua kaburi lile, na juu ya mlango akaandikisha: asizikwe humu asiye wa jina la Cantius. Wewe mwanao umempa jina la kwenu, halafu la kwetu umelibandika mwishoni kama kiraka. Basi azikwe kwenu. Na usijiite mkwe wangu. Harusi hiyo sikualikwa.

Mama yake Lucius,
Tettia

Mogontiacum, 20 Julai

Mama,

Nakuamkia kwa heshima, nakuombea afya. Majivu anakuja nayo mchuuzi wa divai. Mtungi nimeuziba mwenyewe kwa nta. Jina la baba yake ningempa, lakini karani angelifuta. Nilimpa lile nililoruhusiwa.

Jana mtoto kacheka mpaka akapaliwa. Sitakusumbua tena.

Oclatia

Ostia, 11 Septemba

Oclatia mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mtungi ulifika. Nilimwita mzee Publicius, mchonga mawe, akafungua kaburi, tukamlaza Lucius kando ya baba yake. Nikauliza kama nafasi yangu imebaki.

Publicius akasoma maandishi ya mlangoni, akasema, "Nafasi ipo tele, Mama Tettia. Ila wewe si wa jina la Cantius. Ukifa tukupeleke wapi?"

Nikamjia juu. Nimelala nyumba ya Cantius miaka arobaini, nimemzalia, nimemkandia unga.

"Najua," akasema. "Lakini hapa hapakuandikwa unga."

Nikakaa chini nikalia. Jina la baba yangu sikuliacha nilipoolewa, hakuna mwanamke wetu anayeliacha, na siku zote hizo sikujiona mgeni. Nyani haoni kundule. Nilikufukuza wewe na mtoto kwa mstari unaonifukuza mimi pia. Nimekosa, mwanangu, nisamehe.

Nikamwambia aufute. Akasita, akasema wenye jina wanaweza kushtaki. Nikamjibu, "Wenye jina wote wamo humo ndani. Chonga."

Majina yenu nimeyaandikisha chini ya langu. Lakini mlete mtoto kabla baridi haijafunga njia, nimpakate. Kaburini hatuna haraka.

Mama mkwe wako,
Tettia