Maji Yaliyochukua Miaka Tisa

Mutua, bro,

Imeonyeshwa. Nimeanza na hiyo juu najua ungeuliza filamu kabla hata ya salamu.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, hapa Kola, kwa holi ya kanisa. Watu walijaa mpaka wengine wakachungulia kwa madirisha. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Si unanijua.

Unakumbuka nikiwa darasa la sita ukinipatia ile shati nyekundu? "Kyalo, usivae kanisani, usipatie mtu. Bila hii shati hakuna filamu." Tukashuti mama akinituma maji, nikashuka mtoni na mtungi wa njano. Kamera ikakufa hapo. Ukasema tutamalizia wiki ijayo. Bro, hiyo wiki ijayo ilikuwa miaka tisa! Nikaacha shule, nikaanza kuendesha boda, na kila ukinipata steji unasalimia shati kwanza. "Iko?" Nakuambia iko. Halafu ukaenda, na mimi bado sijarudi kutoka mtoni.

Kwa matanga yako Kanini, yule mama yangu wa filamu, akaniambia, "Hii kitu tutamaliza." Siku hizi ako kwa TV, hata sokoni wanamwita jina la huko, lakini alikuja na leso yake akaipasua, akaongeza shati pande zote mbili ndio initoshe. Nzioka aliyekuwa chifu wa filamu sasa ni MC wa harusi, na bado anaamrisha watu kama chifu. Ndiye alishika kamera, akitufokea sisi wote.

Ulikuwa unaogopa watatucheka. Walicheka! Naenda mtoni kamtoto, narudi na ndevu, mtungi ni ule ule. Susu mmoja, nyanya kabisa, akapiga kelele, "Aiii! Kwani hiyo maji aliteka wapi, Mombasa?" Holi yote ikaanguka kwa kicheko. Mimi nikaficha uso kwa kofia.

Halafu Kanini kwa skrini akasema yale maneno uliandika kitambo. "Mwanangu, mbona umekawia?"

Bro, watu wote walijua ni nini ilitukawisha. Nami nikajisikia nikijibu pale juu, ile line yangu moja iliyokuwa inanishinda kila siku: "Nimefika, mama." Sauti haikutetemeka. Susu ndiye alisimama kwanza kupiga makofi, akilia na kucheka, na holi yote ikamfuata.

Kuna watu wengine wameniita kuigiza filamu yao. Kwa hiyo yao niko na maneno mengi ya kusema, karibu nikatae. Nimekubali. Nakuahidi nitaongea yote bila kuangalia chini.

Shati nimeiosha mara ya kwanza, imekauka, nimeikunja. Pumzika sasa, usiulize tena kama iko. Siku tutaonana huko, niulize tu mbona nimekawia.

Kyalo wako