Ufa Kwenye Mhimili wa Chuo

Mume wangu, Baba Zuhura,

Jana alikuja fundi kutengeneza mlango wa uani. Alipopigilia msumari ubao ukalia, nami nikatoka jikoni mbio, mkono kifuani. Alinitazama kwa mshangao, sikumweleza. Wewe ungeelewa, ndiyo maana nakuandikia, ingawa ni miaka sasa tangu tukuzike Kaole.

Bila shaka ungeukumbuka ule mhimili wa chuo cha Maalim, hapa kwetu Dunda. Wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa, nao ndio uliolala kutoka ukuta hadi ukuta na kubeba dari lote la mawe na chokaa. Chini yake walikaa watoto wa mtaa wakisoma Kurani, Zuhura wetu akiwa miongoni mwao. Kazi ya kuweka mpya ukapewa wewe. Gogo la mvule lilitoka Mkange, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vipya na miti ikikatwa ovyo. Ulilinusa, ukasema bado bichi, lilale kivulini mpaka mvua zipite. Lakini Ramadhani ilikuwa inakaribia, wazee wakakubembeleza, ukauchonga mhimili na kuupandisha huku moyo wako hautaki.

Haukupita muda mrefu ukarudi nyumbani, chakula kikakushinda. Nilidhani una homa. Ukaniambia mhimili umepasuka. Nikasema mbao zote hupasuka zikikauka, hata kitanda chetu kina nyufa ulizoziziba mwenyewe kwa gundi na vumbi la msumeno.

"Ufa unaofuata nyuzi za mti siuogopi, Mama Zuhura," ukasema. "Huu unazikata. Nikiuziba nitadanganya macho tu. Uzito uko palepale."

Ulikuwa umeweka alama ya kalamu ya risasi pale ufa ulipoishia. Kesho yake ufa ukawa umeivuka. Tangu hapo, Zuhura akishika juzuu yake kwenda chuoni, nami nilichukua kikapu kitupu na kupita karibu na dirisha, kama nakwenda sokoni. Nikisikia sauti za watoto, nilipumua. Wakinyamaza kidogo tu, nilisogea kuchungulia.

Maalim alikuomba usubiri mpaka watoto wamalize hitima ya Kurani. Ulivumilia, kisha asubuhi moja ukaenda. Zuhura ndiye aliyenisimulia: ulimwamkia Maalim kwa adabu, ukamwomba awape watoto ruhusa ya kutoka. Aliposita, ukaketi sakafuni chini ya ufa.

"Basi nami nitakaa hapa mpaka watoke, Maalim."

Akainuka, akawatoa wote.

Nilipofika nilikukuta unaburuta miti ya kuegemeza dari. Wanaume walisimama barabarani, hakuna aliyesogea, wala hukumlaumu mtu. Uliniambia nisimame uani na watoto, niwe nakuita.

"Nikiacha kuitika, usiingie. Mchukue Zuhura, nenda kwa mama."

Nikaita, ukaitika. Nikasikia nyundo, nikaita tena, ukaitika. Halafu mti ukalia ndani, mlio mkavu kama mfupa, na vumbi la chokaa likatoka mlangoni. Nikaita. Nikaita tena. Sijui nilisimama vipi pale bila kuingia. Labda kwa sababu Zuhura alikuwa ameng'ang'ania kanga yangu.

Ukatoka umekuwa mweupe mwili mzima, unakohoa, huwezi kusema. Mhimili ulikuwa umekatika katikati, ila ile miti ilikuwa imeshabana, na dari likakaa juu yake. Baada ya mvua ulipandisha mwingine, mkavu, ambao upo mpaka leo. Mjukuu wetu anasoma chini yake, na mimi kila nikienda kumchukua nauangalia kwanza mhimili, kisha yeye.

Jioni ile majirani walijaa barazani. Wakasoma dua, wakamshukuru Mungu kwa kuwanusuru watoto, na wewe ukaitikia amina huku unatabasamu. Nami niliitikia. Lakini watoto nilikuwa nao uani, salama, nimewashika mikono. Hofu yangu haikuwa kwa ajili yao. Nilikuwa nakuogopea wewe peke yako, na nilikuona umefurahi mno kwa ajili yao, nikaona haya kukuambia.

Leo nimekuambia. Lala salama, Mungu akupe kivuli.

Mkeo,
Mama Zuhura